Tairi Peke Yake Halilipwi

Masika yakianza tu, swali huwa ni lilelile kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: "Jamani, nimeingia shimo huku Goba, tairi limechanika ubavuni. Nina bima kubwa. Wanalipa?" Majibu humiminika na kila moja linapinga lililotangulia. Mmoja anasema wanalipa, ndiyo maana ikaitwa kubwa. Mwingine anasema kampuni zote za bima ni matapeli, asipoteze muda. Wa tatu analeta namba ya fundi anayeshona ubavu wa tairi, jambo ambalo namwomba Mungu fundi huyo asipate mtu wa kumsikiliza. Halafu mtu anakumbuka kwamba nilikaa miaka kadhaa idara ya madai ya kampuni moja ya bima hapa mjini kabla ya kuhamia kwenye udalali wa bima. "Hebu dada wa bima atuambie."

Dada wa bima huuliza swali moja tu: ukiacha tairi, gari nalo limeumia wapi?

Watu hudhani nakwepa kujibu. Lakini jibu lote limelala hapo, na nimechoka kuliandika kwa vipande kwenye simu, kwa hiyo leo naliweka sehemu moja.

Tuiondoe bima ndogo kwanza, haina maneno mengi. Hii ndiyo bima ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakulazimisha uwe nayo kabla hujaingia barabarani. Kwa gari dogo la binafsi wengi tuliizoea kwa bei yake ya miaka mingi, Sh 118,000 pamoja na VAT. Kazi yake ni kumlipa mtu uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Gari lako haligusi, na tairi lako haligusi hata ukipita juu ya nondo mbele ya kituo cha polisi. Anayesema "bima yangu imekataa" akiwa na bima ndogo hajakataliwa kitu, hakuwa amekinunua.

Bima kubwa, ile inayolipa na gari lako mwenyewe, ndiyo yenye mjadala. Mteja anauziwa kwa Kiswahili na anapewa mkataba wa Kiingereza. Wakala kasimama kwenye kibanda chake, kompyuta mbele, anakuambia "hii inalipa kila kitu mama, hata wewe mwenyewe ukigonga ukuta." Unalipa, stika inatoka, unaondoka na risiti. Ile polisi yenyewe, yaani mkataba wa bima wenye kurasa nyingi za herufi ndogo, wengine hawaioni hadi siku ya ajali. Ndani yake kuna orodha ya mambo ambayo kampuni haitalipa, na humo, jirani na uchakavu na hitilafu za kiufundi, ndimo matairi yalimo.

Kwa nini matairi? Kwa sababu tairi ni kitu cha kuisha. Linaanza kuisha siku unayolifunga. Bima imejengwa juu ya mambo ambayo huenda yakatokea na huenda yasitokee, na kuisha kwa tairi kutatokea tu. Kampuni ingekubali kulipa kila tairi lililopata pancha au kuchanika, nusu ya Dar ingesubiri matairi yawe vipara ndipo itafute shimo la kutumbukia. Hapa nipo upande wa kampuni na sioni aibu kusema.

Tatizo linaanza kwenye namna kizuizi hicho kilivyoandikwa. Mimi nimekutana na maandishi ya aina mbili. Aina ya kwanza inasema kampuni haitalipa uharibifu wa matairi isipokuwa gari nalo limeharibika kwa wakati huohuo. Aina ya pili ni kali zaidi: haitalipa uharibifu wa matairi unaotokana na kufunga breki, pancha, kukatwa na barabara au kupasuka, na haiongezi neno lolote kuhusu gari kuumia pia. Polisi nyingine za mtindo wa zamani huongeza kwamba hazilipi springi zilizovunjika kwa sababu ya barabara isiyo sawa. Ukisoma hilo ukiwa umekaa Kinyerezi au Mbezi ya ndani, unacheka peke yako. Barabara iliyo sawa ni ipi?

Kwa hiyo watu wawili wanaweza kutumbukia shimo moja, usiku mmoja, wote na bima kubwa, mmoja akalipwa tairi na mwingine asilipwe. Ndiyo maana wale wa kwenye grupu wanabishana na wote wanasema kweli.

Jirani yangu wa Tabata, mzee mstaafu mwenye Premio anayoipenda kuliko baadhi ya wajukuu zake, alinipa nafasi ya kuliona jambo hili kwa karibu. Mvua ya usiku, maji yamefunika barabara, na chini ya maji kulikuwa na chemba iliyoibiwa mfuniko. Gurudumu la mbele kushoto likazama. Asubuhi nilimkuta kasimama getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone watu wako walivyonifanya."

Hao watu wangu, yaani kampuni yake ya bima, walikuwa bado hawajamfanya lolote, maana alikuwa hata hajawapigia. Tairi lilichanika ubavuni. Rimu lilipinda. Fundi alipolipandisha gari kwenye jeki ikaonekana tairodi, kile chuma kinachopeleka nguvu ya usukani kwenye gurudumu, nayo imepinda, na ndiyo maana usukani ulikuwa unavuta upande mmoja. Tukapeleka dai. Baadaye ikaja barua: tunakubali rimu, tunakubali tairodi na alaimenti (kunyoosha magurudumu), tairi hatulipi kwa kuwa matairi hayamo kwenye kinga.

Mzee alitaka kwenda kugombana. Nikamwomba polisi yake kwanza. Akaitoa kabatini, ndani ya bahasha, haijafunguliwa tangu aipewe. Ilikuwa ile ya aina ya kwanza: hatulipi matairi isipokuwa gari nalo limeharibika kwa wakati huohuo. Sasa, rimu si tairi. Ni chuma, ni sehemu ya gari, na wenyewe walikuwa wamekubali kulilipa kama sehemu ya gari. Tairodi iko mbali zaidi na tairi. Kama gari limeumia kwenye tukio hilohilo, ile "isipokuwa" imetimia, na tairi linaingia.

Karani wa kwanza aliyeipokea hoja hiyo alisema kwamba "gari" maana yake ni bodi. Mkataba haukusema hivyo popote. Kuna kanuni ya zamani ya sheria ya mikataba ambayo mahakama zetu zilirithi kutoka kwa Waingereza: maneno ya mkataba yakiwa na utata, yanasomwa dhidi ya aliyeyaandika. Kampuni ndiyo iliyoandika. Mzee hakuandika hata nukta. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukanukuu kifungu chao, tukaambatanisha barua yao wenyewe ya kukubali rimu, na tairi likalipwa.

Lililipwa nusu. Mzee alinung'unika wiki nzima kuhusu hiyo nusu, na sikumuunga mkono. Tairi lake lilikuwa limekwenda nusu ya umri wake. Bima ya namna hii hukurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, haikusogezi mbele. Ukipewa tairi jipya badala ya lililotumika umepata faida, na ile faida kampuni inaikata. India wameliweka hili wazi kabisa kwenye polisi yao ya kawaida ya magari: tairi hulipwa tu gari likiumia pamoja nalo, na hata hapo ni asilimia 50 ya bei. Angalau kule unajua kabla.

Hata unapokuwa na haki, piga hesabu kwanza. Bima kubwa kwa kawaida ina kiasi ambacho mwenye gari anaanza kubeba mwenyewe katika kila dai, ndipo kampuni iongezee. Tuseme kwako ni Sh 300,000. Tairi jipya la saizi yako ni Sh 180,000. Hata kampuni ikikubali kwa mikono miwili, unapata sifuri, na juu yake umeandika dai kwenye faili lako, hivyo huenda ukapoteza lile punguzo la kutodai unapokata upya. Lakini kama rimu, tairodi, alaimenti na tairi vinafika Sh 900,000, kuna Sh 600,000 za kufuatilia. Mzee alikuwa upande huu wa pili. Wengi wanaoniandikia kwenye grupu wapo upande wa kwanza, na nawaambia waende dukani wakanunue tairi, waendelee na maisha.

Sasa tuhame mjini. Chukua barabara ya Morogoro, umepita Mlandizi, saa nane mchana, lami inachemka, tairi la nyuma linapasuka na gari linapinduka. Hapa kampuni inalipa gari. Polisi nyingi zinasema waziwazi kwamba kugongana au kupinduka kunalipwa hata kama chanzo ni hitilafu ya kiufundi au uchakavu. Yaani kile kitu kisicholipwa peke yake kinaweza kuleta hasara ya mamilioni ambayo inalipwa. Lakini humohumo kuna sharti kwamba mwenye gari atalitunza liwe katika hali ya kufaa barabarani, na hapo ndipo mkaguzi wa bima anapiga magoti kando ya gari lako na kuanza kusoma ubavu wa tairi.

Ubavu wa tairi unasema mengi kuliko dereva. Kuna tarakimu nne mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT: 2314 maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisizidi miaka 10 hata kama kashata zake, yaani meno yanayoshika barabara, bado nzuri, na baada ya miaka mitano likaguliwe kila mwaka. Kuna namba ya uzito: 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa tairi moja, si zaidi. Wale mnaorudi kutoka shamba na magunia matatu ya mkaa kwenye buti, viazi kwenye kiti na shemeji juu ya viazi, mkaguzi atauliza. Kuzidisha uzito nako kumo kwenye orodha ya yasiyolipwa.

Na kuna hili la magari yetu kutoka Japani. Mengi yanashuka bandarini na matairi yaliyokuja nayo, na baadhi ni matairi ya baridi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji ya Hokkaido. Utayajua kwa neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafu. Kwenye lami ya Dar unaliwa haraka na unapata joto. Mtu anaona kashata nene anafurahi, "bosi, matairi haya bado mapya kabisa." Hata upepo watu wanajaza kwa kubahatisha, kwa sababu kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa Kijapani na kwa kilopaskali. Lakini namba zinasomeka: 220 ni kama psi 32, 230 ni kama psi 33. Mwambie fundi hivyo, usikubali "nimekuwekea arobaini, inakaa vizuri." Upepo mdogo nao ni hatari zaidi ya watu wanavyodhani: ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linapanda, na tairi linapasuka wakati unakimbia, si wakati umesimama.

Je, mhuni akikuchana matairi usiku? Uharibifu wa makusudi kwa kawaida umo kwenye bima kubwa, lakini kile kifungu cha matairi hakifutiki kwa sababu mkosaji ni binadamu badala ya shimo. Kama alikwangua na bodi, una hoja nzuri. Kama alichana matairi tu na kuondoka, soma maneno ya polisi yako. Marekani kuna imani iliyoenea kwamba ukichaniwa matairi matatu bima hailipi, inalipa yakifika manne. Ni hadithi ya kijiweni tu. Kule aliye na sehemu ya bima inayohusu uharibifu wa makusudi analipwa hata tairi moja, ukitoa kile anachobeba mwenyewe. Shimo linahesabiwa kwenye sehemu nyingine, ile ya kugonga. Nimeisikia hadithi hiyohiyo Sinza, imeshavaa kanzu ya Kiswahili, mtu anaapa kabisa.

Wizi una mkasa wake. Dar tunachora namba za gari kwenye vioo vya pembeni na taa kwa sababu tunajua zinakoishia. Spea ikiibwa peke yake, polisi nyingi hazilipi vifaa vilivyoibwa bila gari lenyewe kuibwa. Usisubiri malipo.

Njia ambayo watu wanaisahau ni bima ya mwenzako. Daladala ikikubana hadi ukapanda ukingo wa zege na tairi likachanika, au lori la kontena kwenye barabara ya Mandela likakugonga gurudumu, wewe ni mtu wa tatu kwake. Kizuizi cha matairi kilicho kwenye polisi yako hakikuhusu tena, kwa sababu unadai mali uliyoharibiwa na mtu mwenye kosa, na tairi ni mali. Hata mwenye bima ndogo anaweza kulipwa tairi kwa njia hii. Ila msimalizane pale barabarani kwa elfu hamsini na pole. Piga picha namba ya gari lake, ingiza kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, uone kama bima yake iko hai, na mwite trafiki. Bila ripoti ya askari hao, ile fomu ya PF 90, faili lako halitembei.

Picha piga kabla gari halijasogezwa: shimo, gurudumu, na mtaa unaotambulika nyuma yake. Na tairi lililochanika usimwachie fundi pancha. Atakuomba kwa upole, "niachie hilo bosi, halina kazi," lakini lina kazi sana kwake. Kuna mtu wa katambuga anakuja kulichukua jioni. Mkaguzi akifika na tairi limeshakuwa ndala, umebaki na maneno. Kampuni ikikataa, omba kukataa huko kwa maandishi na kifungu walichotumia kitajwe. Ukiwa na barua hiyo unaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukiwa na "waliniambia kwa simu" huna pa kuanzia.

Kila nikimaliza kueleza haya kuna mtu anauliza, sasa mwenye shimo je? Uingereza dereva anaweza kuidai halmashauri chini ya Sheria ya Barabara Kuu ya 1980, nayo inajitetea kwa kuonyesha kwamba ilikuwa inakagua barabara ipasavyo. Hapa barabara kubwa ni za TANROADS na za mitaani, tangu 2017, ni za TARURA, zote wakala za Serikali. Kuishitaki Serikali kunatanguliwa na taarifa ya siku 90. Kwa tairi la laki mbili? Wakili atakuchaji zaidi ya gari zima la matairi. Kwa gari lililopinduka na mtu akaumia, hiyo ni habari nyingine, na hapo ningekuambia utafute wakili leo.

Kinachonikera mimi si kwamba tairi halilipwi. Ni kwamba kampuni zetu zinajua kabisa namna ya kuuza kinga ndogo ya pembeni na hazijajisumbua kwa tairi. Kioo cha mbele tayari kina utaratibu wake kwenye polisi nyingi: kiwango maalumu, nyongeza kidogo ukitaka kiwango kikubwa, na kikivunjika hakuna kelele nyingi. Redio ya gari hivyohivyo. Tairi na rimu kwa shimo vingeweza kuwekewa kiwango cha namna hiyo, kwa sharti kwamba tairi lina umri chini ya miaka kadhaa na kashata za kutosha, likapigwa picha siku ya kukata bima. Marekani wauza magari na wauza matairi wanauza kinga ya aina hiyo. Nimewahi kulitoa wazo hili kwenye kikao. Bosi mmoja akacheka, akasema, "Dada, kwa barabara za Dar? Tutafilisika kabla ya vuli."

Labda yuko sahihi. Lakini wenye maduka ya matairi pale Gerezani wanaweza kulifanya bila bima yoyote: nunua manne kwangu, moja likichanika kwa shimo ndani ya mwaka nakuuzia jingine kwa nusu bei. Wa kwanza kubandika tangazo hilo ukutani atapata wateja wa grupu letu zima, nikiwemo mimi na mzee wa Tabata, ambaye mpaka leo hii anadai kwamba kampuni ina nusu yake.